Koko Hawezi "Kujitegemea": Tuache Kudanganyana

Wandugu, leo sitaandika kuhusu soka wala kozi za kompyuta. Nataka tuongee kuhusu wazee wetu na watu wetu wenye ulemavu hapa Kampala. Najua wengine mtapita haraka, mtasema hiyo ni mambo ya mashirika. Ngoja kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana, nitukane.

Kuna bibi mmoja jirani yangu huko Katwe. Sisi wote tunamwita Koko, kama kwetu Kongo. Alitoka Rutshuru mwaka 2012, wakati M23 wanapigana, akavuka Bunagana kwa miguu. Miaka michache iliyopita presha ilimpiga, upande wa kushoto ukalegea. Anaishi katika muzigo mmoja na mjukuu wake wa miaka 13. Huyo mtoto ndiye anayechota maji, anayepika posho, anayempeleka Koko chooni kabla ya kwenda shule. Siku Koko akiamka vibaya, mtoto haendi shule. Hivyo tu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye ofisi moja hapa mjini. Sitaitaja, kwa sababu shida si ofisi moja. Boda haiwezi kumbeba peke yake, lazima mtu akae nyuma amshike. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia kwa afisa saa nane mchana. Yule afisa alikuwa na adabu. Alisimama, akampa kiti, akamwita "Jjajja" kama Waganda wanavyowaita babu na bibi zao. Akasoma karatasi zake pole pole. Halafu akaniambia nimtafsirie: msaada wa chakula uko kambini. Kama Jjajja hawezi kujitegemea mjini, arudi kambini.

Nikamtafsiria. Koko akanyamaza kidogo, akasema: "Mutoto wangu, mwambie mi nilitoka kambini juu ya hii mguu. Dawa ya presha ilikuwa inakosekana kule. Sasa nirudi nikule posho nife na presha, ao nibaki nimeze dawa nife na njaa?"

Nikatafsiri neno kwa neno. Afisa akaangalia chini. Hakuwa na jibu, na mimi sikutegemea awe nalo. Jibu linatakiwa litoke juu zaidi yake.

Tuanze na hili neno "kujitegemea", maana ndilo linalotuua.

Uganda inasifiwa dunia nzima kwa sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010. Na sifa hizo ni za haki. Mkimbizi hapa anaruhusiwa kufanya kazi, anaruhusiwa kutembea, mtoto wake anasoma shule ya msingi na watoto wa Waganda, na hospitali ya serikali inampokea. Wenzetu katika nchi nyingine wamefungiwa kambini kama mbuzi. Mimi sitasema neno baya juu ya hilo. Uganda imepokea zaidi ya watu milioni 1.9, na Waganda wengi wamegawana nasi mashamba na visima.

Lakini mpango huo una sharti lake. Ukikaa kambini, yaani kwenye makazi kama Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au Rwamwanja, unahesabiwa kwenye msaada. Ukiamua kukaa Kampala, wewe ni mtu wa kujitegemea. Utatafuta chumba mwenyewe, chakula mwenyewe, kila kitu mwenyewe. Kwa kijana kama mimi, sawa. Nilifika S4 tu, lakini nina mikono. Nimebeba mizigo Kikuubo, nimeuza vitenge, nimetafsiri kwa pesa kidogo. Naanguka, nainuka.

Sasa niambieni, Koko ajitegemee na nini? Huo mpango ulimfikiria mtu wa miaka 25 mwenye miguu miwili mizima. Ukimfikia mtu wa kiti cha magurudumu, au kipofu, au mzee aliyepooza, unabaki neno tupu. Na tena unakuwa neno la kumlaumu: eti yeye ndiye "aliyechagua" mji. Kipofu anayefuata hospitali hajachagua mji. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefuata mazoezi ya viungo hajachagua mji. Ugonjwa ndio uliomchagulia.

Na hiyo "rudi kambini ukapate chakula" siku hizi si kweli hata yenyewe. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnajua kuliko mimi. Tangu 2020 mgao unapunguzwa na kupunguzwa. Mwaka 2023 WFP ikawagawa watu katika makundi matatu: wa kundi la kwanza wanapata zaidi kidogo, wa pili wanapata kidogo, wa tatu hawapati kitu. Mwezi wa 5 mwaka 2025 WFP yenyewe ikatangaza kwamba watu milioni 1 hapa Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu pesa za wafadhili zimekauka. Milioni moja! Kwa hiyo tunamwambia bibi aliyepooza apande basi safari ya siku nzima, aache kliniki yake, aende akajaribu bahati kama bado atakuwa kwenye orodha. Huo ni msaada gani?

Sasa twende kwenye jambo la pili, ambalo vijana wengi hamlijui kabisa. Uganda ina pesa ya wazee.

Inaitwa SAGE. Ilianza kama majaribio kwenye wilaya chache kuanzia mwaka 2010, halafu kuanzia mwaka wa bajeti 2020/21 ikapelekwa nchi nzima kwa wazee wa miaka 80 na kuendelea. Kiasi ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ndiyo, ni ndogo. Haifiki robo ya kodi ya muzigo. Lakini kwa Koko hiyo ni sabuni, ni mafuta ya taa, ni boda ya kwenda kuchukua dawa. Tena kwa mzee, pesa inayokuja kwa jina lake ni heshima. Anaacha kuomba kila siku.

Ili uipate unatakiwa uwe na Ndaga Muntu, kitambulisho cha raia. Mkimbizi hana Ndaga Muntu. Ana kadi ya ukimbizi, yenye picha, yenye alama za vidole, iliyotolewa na serikali hiyo hiyo. Lakini kwenye mlango wa SAGE kadi hiyo ni sawa na karatasi ya kufungia karanga. Ndivyo ilivyo pia kwa ruzuku ya watu wenye ulemavu, ambayo serikali inawapa kwa vikundi ili waanze biashara. Kikundi cha viziwi wakimbizi wanaoshona nguo vizuri kuliko mimi na wewe hakina mahali pa kuingilia.

Utasema, kwani hiyo si ya raia? Mkimbizi anadai nini pesa ya mlipa kodi wa Uganda?

Swali zuri. Nilijiuliza hata mimi. Nikaenda kusoma.

Uganda iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1976. Nchi ikiingia kwenye mkataba inaruhusiwa kusema: kifungu hiki na hiki sikikubali kama kilivyo. Uganda ilifanya hivyo. Iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vya mali, vya kazi ya mshahara, vya kuunda vyama na vingine. Hilo ni haki yake. Lakini kifungu cha 23 haikukigusa. Na kifungu cha 23 kinasema kitu kimoja kifupi: mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe sawa na raia katika misaada ya umma. Hakisemi "kadiri inavyowezekana". Hakisemi "kama mgeni mwingine". Kinasema sawa na raia. Halafu sheria ya Uganda yenyewe ya 2006 inasema mkimbizi ana haki zilizomo kwenye mkataba huo.

Kuna zaidi. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 28 kinaongelea hifadhi ya jamii. Kifungu cha 11 kinaongelea watu wenye ulemavu walio kwenye vita na majanga, yaani sisi. Na Katiba ya Uganda ya 1995, kwenye malengo yake ya taifa, inasema serikali itaweka mpango wa kufaa kwa ustawi na matunzo ya wazee. Imesema wazee. Haikusema wazee wenye Ndaga Muntu.

Kwa hiyo hatuombi huruma, wandugu. Tunakumbusha ahadi.

Wengine watanijibu: hata wazee wa Uganda wenyewe hawaipati. Kweli kabisa! Na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazuri, kwa sababu inaonyesha hii si vita ya mkimbizi na Mganda. Mwaka 2021 mashirika ya ISER na Unwanted Witness ya hapa Uganda, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha chuo kikuu cha New York, walitoa ripoti ndefu juu ya Ndaga Muntu. Walikuta wazee Waganda wanaofukuzwa kwenye SAGE kwa sababu kitambulisho kimeandika umri mdogo kuliko umri wao, au kwa sababu vidole vimechakaa kwa jembe mpaka mashine haivisomi. Mwaka 2022 ISER na Unwanted Witness wakaenda Mahakama Kuu hapa Kampala kuishtaki serikali. Jjajja wa Kiganda mwenye vidole vilivyochakaa na Koko wangu wa Rutshuru mwenye kadi ya ukimbizi wamesimama nje ya mlango mmoja. Tungekuwa na akili, tungewasimamisha pamoja.

Na tusiseme haiwezekani kulipa wazee. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 mwaka 2016, awe alikuwa na kazi ya ofisi au alikuwa mvuvi. Kenya inawalipa wazee wa miaka 70 kwa mpango wa Inua Jamii. Huko nako mkimbizi bado yuko nje, sitawadanganya. Lakini tazameni huo umri: 70. Hapa ni 80. Ukimbizi na vita vinazeesha mtu kabla ya wakati, wengi wetu hatutazika wazee wa miaka 80.

Wengine tena watasema: subiri resettlement, Marekani itawatunza. Jamani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na wazee wengi waliokuwa wamefunga mizigo bado wako nayo chini ya kitanda. Na hata aliyefika kule asidhani amefika peponi. Mzee au mlemavu mkimbizi anayepata ile pesa ya SSI anaipata kwa miaka 7 tu. Asipopata uraia ndani ya muda huo, inakatwa. Na mtihani wa uraia unamtaka mzee asiyejua kusoma ajibu maswali kwa Kiingereza, labda apewe msamaha wa umri au ugonjwa. Kila mahali kuna mlango, na kila mlango una karatasi yake.

Hapo kwenye karatasi ndipo nataka niungame.

Nilianza kujitolea nikiwa na miaka 19, katika kambi moja kule magharibi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri siku za kuandikisha watu. Laini ndefu, jua kali, watoto wanalia, kila mtu anataka amalize. Wazee wetu hawajui tarehe ya kuzaliwa. Wanakwambia: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa Mulele, mwaka wa uhuru. Wewe mtafsiri ndiye unayebadilisha hayo maneno kuwa namba. Usipojua historia, unabahatisha. Mashine inataka siku na mwezi, basi wote wanazaliwa tarehe 1 mwezi wa 1.

Niliwatafsiria mamia. Na mmoja wao alikuwa Koko, ingawa sikumkumbuka mpaka tulipokutana tena Katwe. Mwaka huu, baada ya ile safari ya ofisini, nilikaa naye nikafungua mfuko wake wa plastiki wa karatasi. Kadi yake inasema alizaliwa 1958. Yaani ana miaka 67. Ndiyo maana hata yule afisa alisema "sitini na saba bado si mzee sana."

Lakini ndani ya mfuko huo huo kulikuwa na kadi ya mpiga kura ya Kongo ya binti yake wa kwanza, aliyekwisha kufariki. Imeandikwa: amezaliwa 1959.

Mama wa 1958, mtoto wa 1959!

Nikamuuliza, "Koko, siku ile kambini ulisema nini?" Akasema bila kufikiri: "Nilisema, uhuru ikifika mi nilikuwa na mutoto mugongoni." Nikahisi baridi. Kwa sababu nakumbuka kuna siku nilitafsiri maneno hayo. Kwenye kelele nilisikia "nilikuwa mutoto mugongoni". Nikamwambia mwandishi: alikuwa mtoto mchanga wakati wa uhuru wa Kongo. Akahesabu kutoka 1960, akaandika 1958. Neno moja dogo, "na", nimelimeza mimi, na limempunguzia bibi wa watu miaka kama 16.

Kama aliolewa na miaka 16 au 17 kama anavyosema, leo ana zaidi ya 80. Kwa hiyo hata kama kesho serikali ingesema wakimbizi waingie SAGE, Koko angefukuzwa mlangoni kwa sababu yangu mimi. Hakuna mwingine wa kulaumu, ni mimi.

Sasa tumeanza kuomba umri wake urekebishwe. Tuna kadi ya binti yake, tuna wazee wawili wa kijiji chao wanaoishi Nsambya na wako tayari kutoa ushahidi. Tunasubiri. Lakini je, ni wangapi kama yeye? Kila kijana aliyewahi kushika kalamu kwenye meza ya kuandikisha ajiulize.

Tugeuke kidogo kwa wenye ulemavu. Mwaka jana nilialikwa kwenye warsha juu ya "ujumuishaji". Ilikuwa kwenye ukumbi ghorofa ya tatu. Hakuna lifti. Rafiki yetu wa kiti cha magurudumu, ambaye alitakiwa atoe ushuhuda, tulimbeba vijana wanne ngazi kwa ngazi kama gunia la mahindi. Alicheka ili sisi tusione aibu. Juu akapigwa picha, akapewa soda na nauli ya taksi. Taksi gani Kampala inachukua kiti cha magurudumu? Konda anakwambia lipa viti viwili au shuka. Ile nauli ikaishia siku hiyo hiyo.

Watu wa mashirika, naomba msikasirike. Najua wengi wenu mmepunguziwa mishahara, wengine mmepoteza kazi. Najua mnapotuandika kwenye orodha ya PSN, mnataka kusaidia. Lakini orodha si msaada. Koko yuko kwenye orodha ya PSN tangu kambini. Ameulizwa maswali yale yale mara nyingi mpaka mjukuu anajua kuyajibu kwa Kiingereza. Kila mradi unaanza upya kumuuliza, na kila mradi unaisha kabla haujarudi.

Na sisi vijana? Tusijifanye watakatifu. Kikundi chetu kina ratiba ya mpira, ya dansi, ya lugha. Onyesheni siku ya wazee iko wapi. Tunawaita tu wakati mfadhili anakuja, wavae kitenge wakae mstari wa mbele. Kuna na dhambi kubwa zaidi ambayo nimeiona kwa macho kambini: mzee asiyeweza kutembea anamteua mtu amchukulie mgao wake. Inaruhusiwa, na ni jambo zuri. Lakini wapo vijana wetu waliochukua mgao wa mzee, wakauza nusu njiani. Mzee hawezi kushtaki, maana akimshtaki, kesho nani atamletea? Huo ni wizi, wandugu, hata kama hakuna polisi aliyekuja.

Kuna jambo la mwisho ambalo hatupendi kulitaja, kwa sababu kwetu linaonekana kama kumwombea mzee kifo. Kupanga mapema. Siku akili ya Koko ikipotea, au presha ikimpiga mara ya pili asiongee, nani atatia sahihi hospitalini? Nani atachukua kadi yake ikiisha muda? Mjukuu wa miaka 13, nani atabaki naye kihalali?

Mzee mwenye akili timamu anaweza kutoa mamlaka kwa maandishi kwa mtu anayemwamini, amshughulikie mambo yake. Lakini mjue: kwa kawaida ya sheria mamlaka hiyo inakatika akili ya aliyeitoa ikipotea. Baada ya hapo ni mpaka mahakama iteue mtu, na mahakama ina gharama na muda ambao hatuna. Kwa hiyo kazi ifanyike wakati mzee bado anaongea. Aseme anataka nani amsemee, aseme mjukuu abaki na nani, aseme azikwe wapi. Akitaka kuandika wosia, hapa Uganda unatakiwa uwe wa maandishi, utiwe sahihi au alama mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Mashahidi wawili! Hata kikundi chetu kinaweza kutoa mashahidi. Na kwa maswali ya sheria kuna Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imekuwa ikisaidia wakimbizi tangu 1999. Nendeni mkaulize kabla mambo hayajaharibika.

Basi ninadai nini? Nitasema wazi, kwa namba, ili mtu asiseme nilipiga kelele tu.

Kwa serikali na wenye mipango:

1. Kadi ya ukimbizi ikubaliwe kwenye SAGE na kwenye ruzuku ya walemavu. Kifungu cha 23 mlikikubali wenyewe mwaka 1976. Pesa? Tuseme wanaingia wazee wakimbizi 1,000. Ni shilingi milioni 25 kwa mwezi. Wafadhili wanaolilia "ujumuishaji" walipe hiyo kwanza kabla ya warsha nyingine.

2. "Rudi kambini" lisiwe jibu pekee kwa mtu aliyekuja mjini kwa sababu ya matibabu. Kama daktari wa serikali ameandika kwamba mtu anahitaji kliniki ya hapa, basi msaada wake umfuate hapa.

Kwa mashirika:

3. Mfuateni mzee nyumbani. Mtu aliyepooza asisimamishwe kwenye laini kutoka saa moja mpaka saa nane.

4. Fungueni siku maalumu ya kurekebisha umri, na mkubali ushahidi wa wazee wenzao na karatasi za watoto wao. Na kwenye kila meza ya kuandikisha wekeni orodha ya miaka: uhuru, vita vya Mulele, volkano, kila kitu ambacho wazee wetu wanakumbuka. Karatasi moja ingemwokoa Koko.

Kwa sisi vijana:

5. Kila mmoja wetu achukue mzee mmoja au mtu mmoja mwenye ulemavu wa mtaa wake. Fungua naye mfuko wa karatasi. Angalia mwaka wa kuzaliwa unalingana na watoto wake. Angalia kadi inaisha lini. Andika jina la mtu anayemwamini. Jumamosi moja inatosha.

6. Ukichukua mgao au dawa ya mzee, mfikishie yote.

Najua wapo watakaosema tusiongee hivi, tutaonekana hatuna shukrani kwa nchi iliyotupokea. Mimi nasema kinyume. Mgeni asiye na shukrani ni yule anayekaa kimya halafu anasema vibaya pembeni. Sisi tunasema mbele, kwa sababu tunaamini Uganda iliposaini haikuwa inatania.

Jana jioni nilipita kwa Koko. Nilimsomea haya niliyoandika, mpaka pale pa "mutoto mugongoni". Nilimwomba msamaha. Akacheka na upande mmoja wa mdomo, akasema: "Umenifanya kijana. Sasa nitafutie bwana." Halafu akaacha kucheka, akauliza kama nimeandika na jina la mjukuu, kwamba anataka abaki na nani. Nikasema bado.

Akasema, "Anza na hiyo."

Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakuwa kwa Koko, na kalamu, na mashahidi wawili. Anayetaka kujifunza namna ya kufanya kwa mzee wake, aje. Na wewe uliye mfanyakazi wa shirika, njoo bila gari na bila kamera. Utakaribishwa chai.